Gharama za Afya: Anayelipa Zaidi Siye Anayeishi Zaidi

Mwaka 2022 Marekani ilitumia asilimia 17.3 ya Pato la Taifa kwa afya, wastani wa takriban dola 13,500 kwa kila mkazi. Japani ilitumia kiasi cha asilimia 11. Hata hivyo, wastani wa umri wa kuishi mwaka huo ulikuwa miaka 77.5 Marekani na karibu miaka 84 Japani.

Mfanyabiashara akiona hesabu hizo atauliza: fedha zimenunua nini? Matumizi ni bei mara kiasi. Duka likitumia fedha nyingi zaidi kununua sukari mwaka huu, haina maana kwamba limepata magunia mengi zaidi. Huenda gunia limepanda bei.

Ndivyo ilivyo Marekani. Mjapani humwona daktari mara 11 hivi kwa mwaka. Mmarekani mara tatu au nne. Japani ina vitanda vya hospitali zaidi ya 12 kwa kila watu 1,000, Marekani havifiki vitatu. Kwa hiyo pengo kubwa haliko kwenye wingi wa huduma bali kwenye bei, pamoja na gharama za makaratasi ya bima.

Serikali ya Japani hutoa orodha moja ya bei na kuipitia upya kila baada ya miaka miwili. Zahanati ya kijijini na hospitali ya Tokyo zote huifuata. Marekani kila kampuni ya bima hupatana na kila hospitali kivyake, hivyo kipimo kilekile huwa na bei kadhaa katika mji mmoja. Isitoshe, sheria ya mwaka 2003 iliizuia Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kupatana bei na watengenezaji wa dawa. Mnunuzi mkubwa kiasi hicho kuingia sokoni amefungwa mdomo! Katazo hilo lililegezwa mwaka 2022, na bei mpya za dawa 10 za kwanza zilianza kutumika Januari 2026.

Lawama zote zisiangukie hospitali, lakini. Mwaka 2022 zaidi ya Wamarekani 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa, hasa za kulevya, na zaidi ya 40,000 walikufa barabarani. Wengi walikuwa wa umri wa kufanya kazi, na vifo vya namna hiyo hushusha wastani upesi.

Costa Rica hutumia karibu dola 1,000 tu kwa mkazi, na watu wake huishi karibu miaka 80. Tangu miaka ya 1990 imesambaza timu ndogo za daktari, muuguzi na mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba.

Msomaji aangalie pia asilimia ni ya nini. Ile 15 waliyoahidi viongozi wa Afrika mjini Abuja mwaka 2001 ni ya bajeti ya serikali, si ya Pato la Taifa. Haiwekwi kwenye mizani moja na 17 ya Marekani.

Kwa wenye hisa, matumizi hayo ni mapato. UnitedHealth, kampuni ya bima iliyoorodheshwa New York, ilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 300 mwaka 2022. Tangazo la Washington kuhusu malipo ya Medicare huzitikisa hisa za namna hiyo kuliko takwimu yoyote ya umri wa kuishi.