Uyoga wa porini: usichume ugenini kwa mazoea ya nyumbani



Kuanzia Agosti hadi Novemba, misitu na bustani nyingi za Uingereza huota uyoga kwa wingi. Waliokulia Iringa, Songea au Tabora hukumbuka msimu wa mvua, vichuguu na mchuzi wa uyoga kwa karanga. Hamu hiyo tunaielewa, lakini tahadhari.

Uyoga wa kichuguu huishi pamoja na mchwa, nao huota Afrika na Asia tu. Ulaya na Marekani haupo. Ukiuona huko unaofanana nao, jua huo ni mwingine.

Hatari kuliko wote ni Amanita phalloides, unaoota karibu na miti kama mialoni huko Ulaya, Marekani, hata Australia. Kofia yake ni ya kijani kilichofifia, mara nyingine karibu nyeupe. Shina lina pete, na chini limekaa ndani ya kikombe kilichofichwa na udongo. Nusu ya uyoga mmoja yaweza kumuua mtu mzima. Huko Canberra, watu wawili walioula mkesha wa mwaka mpya wa 2012 walifariki. Mmoja wao alikuwa mpishi kwa kazi yake.

Msidanganyike na haya:
- Eti ukiliwa na konokono au wadudu ni salama. Si kweli.
- Eti ukichemsha au kukausha sumu huisha. Haiishi.
- Eti wenye sumu huwa mchungu. Waliopona husema ulikuwa mtamu.

Dalili huchelewa saa 6 hadi 24: kutapika, kuharisha na tumbo kukata. Kisha mgonjwa hupata nafuu, akadhani amepona, kumbe ini linaharibika.

Ukishuku umekula uyoga wa sumu:
1. Usingoje dalili, na usirudi nyumbani kwa sababu ya nafuu.
2. Uingereza piga 111, au 999 mgonjwa akizidiwa. Marekani piga 1-800-222-1222 saa yoyote. Omba mkalimani ukihitaji.
3. Chukua mabaki ya uyoga, hata yaliyopikwa, uende nayo hospitali.
4. Waambie wote mliokula pamoja.

Wazazi wanaokuja kutembelea watoto nao waelezwe mapema, maana wao ndio wajuzi wa uyoga wa kwetu. Ule wa dukani nao hunoga kwa karanga au tui la nazi.

Tunawatakia afya njema.