Kongwa: Mji wa Karanga na Macho ya Watoto

Wengi wetu huku Msalato tunaijua Kongwa kwa jina tu. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, unafika Mbande, unaacha barabara kuu na kukata kulia. Ni mji mdogo wa wakulima na wafugaji. Wanalima mtama, uwele, mahindi, alizeti na karanga, na ng'ombe ni wengi. Mahindi mengi ya wilaya hiyo huuzwa Kibaigwa.

Wazee wanaikumbuka Kongwa kwa karanga. Mwaka 1947, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula baada ya vita, serikali yake ilileta matrekta ili kufyeka pori na kulima mashamba makubwa mno. Udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, majembe yakavunjika, na mvua haikutosha. (Mgogo yeyote angewaambia habari ya mvua, kama wangemwuliza.) Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilifikia pauni milioni 36 hivi. Kuanzia mwaka 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo FRELIMO na SWAPO.

Lakini sisi wauguzi tunaijua Kongwa kwa jambo jingine, nalo ni vikope, yaani trakoma. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na shirika la Helen Keller, pamoja na Watanzania, walipima macho ya watu vijijini huko. Zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na ugonjwa huo.

Vikope huletwa na vijidudu. Vinatoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa upindo wa kanga anaofutiwa kila mtoto, na kwa inzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu upande wa ndani. Miaka inapita, kope zinapinda na kukwaruza kioo cha jicho, hata mtu anapofuka. Akina mama huumia kuliko wanaume, maana ndio wanaokaa na watoto.

Kwa nini watoto hawakunawishwa? Maji yalikuwa mbali, na ndoo moja ilingojewa na ugali, vyombo na ndama. Tena akina mama wengi waliamini kwamba kunawisha uso kunataka maji mengi. Wahudumu wa mradi wakakaa nao, wakawaonyesha kwa vitendo kwamba maji kidogo tu ya kikombe yanatosha uso wa mtoto. Akina baba nao walihusishwa, na hapo ndipo penyewe, kwani mama peke yake haamui matumizi ya maji nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumu safi walipungukiwa sana na vikope vikali. Mafunzo ya Kongwa yametumika katika nchi nyingi.

Baadaye ilikuja dawa ya azithromaisini, ambayo hugawiwa kijiji kizima kwa mara moja, na mtoto hupimwa urefu ili kujua kipimo chake. Ugonjwa umepungua sana Kongwa. Hata hivyo, dawa haizuii inzi kurudi kwenye uso mchafu, kwa hiyo kunawa hakuna budi kuendelea, na choo kitumike ili inzi wakose mahali pa kuzaliana.

Kwa bibi ambaye kope zake zimekwisha kupinda, dawa hiyo haitazinyoosha. Wengi huzing'oa kwa kibano. Wanapata nafuu siku chache, kisha zinaota tena fupi na ngumu, zikichoma zaidi. Mpelekeni hospitali. Upasuaji wake ni mdogo, hufanywa kwa ganzi, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kope zaweza kupinda tena, kwa hiyo arudi kukaguliwa kila anapoambiwa.