Namna Walokole Wanavyomtambua Aliye Tayari

Kwa Walokole, yaani Wakristo wa Uamsho wanaojiita waliookoka, wa Kigezi na Buganda nchini Uganda na wa Bukoba nchini Tanzania, mtu hahesabiwi kuwa tayari kumfuata Yesu eti kwa kuwa amelia mkutanoni. Machozi hupokewa, wimbo wao wa sifa, Tukutendereza, huimbwa, watu hukumbatiana. Kisha ndugu wa ushirika hurudi makwao na kungoja. Wanataka kuona kama kesho yake atakwenda kumrudishia jirani mbuzi aliyemwiba.

Uamsho wa Walokole uliota ndani ya Kanisa la Anglikana. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyeacha kazi ya serikali na hata viatu akavivua ili ahubiri. Baadaye Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa Gahini, alifika kwa Nsibambi na malalamiko kuhusu hali ya hospitali. Nsibambi akamgeuzia swali: je, moyo wako wewe ukoje? Njiani kurudi Rwanda Kinuka alilemewa na swali hilo mpaka akatubu, na akawa nguzo ya Uamsho pale Gahini.

Swali la namna hiyo ndilo kipimo mpaka leo. Katika ushirika wa kila wiki watu huketi nyumbani kwa mmoja wao, husoma Neno, kisha hutembea nuruni, yaani kila mmoja husema waziwazi alivyoanguka na alivyosamehewa. Mgeni akieleza namna mkewe alivyomkosea, atasikilizwa kwa upole, lakini wazee watajua bado hayuko tayari. Akisema, “Ndugu zangu, nilimpiga, na nikawadanganya wazazi wake,” hapo wanasogea karibu. Nami naona wako sahihi. Anayekubali kuulizwa na wenzake, akarudi tena wiki inayofuata bila kinyongo, huyo anafundishika, hata kama hajui kusoma.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, hutoka katika maisha ya kila siku. Miaka ya 1930 watu waliookoka walirudisha ng'ombe, fedha na vifaa walivyoiba hospitalini na maofisini, wengine wakijua wazi kwamba wangeweza kufungwa. Wanawake waliacha kupika pombe ya mtama, na tusiipite habari hiyo haraka, maana kwa mjane pombe ilikuwa ada ya shule, chumvi na kodi. Uganda wako wanawake waliokula kuku na mayai, vyakula walivyokatazwa na mila tangu utotoni, wakakaa meza moja na waume zao. Watu wa makabila yaliyodharauliana wakala chungu kimoja. Jirani asiyeingia kanisani aliyaona yote hayo, na ndugu walilithamini neno lake: akisema fulani amebadilika, waliamini kuliko ushuhuda wa madhabahuni.

Mlokole kijana anapotaka kuoa, ushirika humchunguza tena kwa macho hayohayo. Kaka na dada wa kiroho huulizana habari zake, na mara nyingi ndio wanaosimama mahali pa ukoo. Hapa pana uzuri mkubwa, hasa kwa aliyefukuzwa na wazazi kwa sababu ya kuokoka.

Lakini ishara hugeuka sheria upesi. Miaka ya 1970 kundi la Bazukufu nchini Uganda liliona ndugu wamelala kiroho, likadai waamke upya, na kukopa kukahesabiwa dhambi. Mtu mwenye toba ya kweli akakataliwa kwa mkopo wa mabati ya nyumba. Inaniuma, kwa kuwa mzee anayejua kungoja hana haja ya orodha.

Na hata walio juu kanisani waliwahi kushindwa kuona. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa Uamsho, waliokataa kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri iliyopigwa marufuku na uongozi. Mmoja wao, William Nagenda, hakuwekewa mikono ya uchungaji maisha yake yote. Hata hivyo alihubiri sehemu nyingi za Afrika Mashariki, akavuka hadi Ulaya.