Rafu ya Ukutani ya Kuwekea Dawa za Shamba

Leo tunaliacha jembe kidogo tushike msumeno na nyundo.

Hebu angalia chini ya kitanda, au nyuma ya mlango wa jikoni. Je, hakuna kopo la dawa ya nyanya lililobaki msimu uliopita? Hakuna chupa ya dawa ya kupe? Wewe unayekaa Levolosi, hapa Arusha mjini, na shamba lako liko Ngarenanyuki au Nduruma, dawa huiachi shambani kwa kuogopa wezi. Unarudi nayo nyumbani, na nyumba yenyewe vyumba viwili, na mtoto anayejifunza kutembea yumo humo humo. Mtoto huyo hajui kusoma lebo. Anachojua ni kwamba ndani ya chupa ya soda mna soda.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kununua ubao: dawa ikae katika chombo chake cha asili, na lebo yake. Usiigawe kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kama jirani ameomba kidogo tu. Jambo la pili ni kuipa mahali pake, juu, mbali na unga, mbegu na chakula cha mifugo. Mahali hapo ndipo tunapotaka kupatengeneza leo.

Tuanze na ubao. Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tuna bahati ya mbao. Shamba la miti la serikali pale mlimani limepandwa paini na saipresi, na katika mashamba ya kahawa kuna migrivea iliyopandwa kwa ajili ya kivuli. Zote tatu zinafaa kwa rafu. Mkaratusi ni mgumu, lakini ukikauka hupinda na kupasuka, uuache kwa kazi ya nguzo. Ila angalia ubao uwe mkavu. Ubao mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana, na ukiushika ni wa baridi. Ukiupigilia hivyo hivyo, utakauka ukiwa ukutani, utajikunja na misumari italegea. Kama umeupata mbichi, upange kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu, kisha uwe na subira ya wiki kadhaa. Wakati wa masika uongeze subira.

Nunua ubao wa moja kwa nane, futi 3. Nunua na mbili kwa mbili ya futi 6 kwa ajili ya mikono miwili ya kubebea. Hapo hutahitaji zaidi, ila skrubu, na kipande cha moja kwa mbili cha futi 3 kwa ukingo wa mbele.

Mbona futi 3, kwa nini isiwe futi 6 ukuta mzima? Swali zuri. Ubao hulegea katikati, na kulegea huko hakuongezeki kwa kiasi kile kile unachoongeza urefu. Ukiongeza nafasi kati ya mkono na mkono mara mbili, kwa mzigo ule ule, ubao utapinda mara 8. Ndivyo ilivyo pia kwa unene: ubao wa nusu inchi hupinda mara 8 kuliko wa inchi moja. Ukitaka rafu ndefu, weka mikono mitatu au minne. Tena mikono usiiweke kwenye ncha kabisa, kama wengi wanavyofanya kwa kuona inapendeza. Kwa ubao wa inchi 36, iweke inchi 8 kutoka kila ncha. Uzito wa pembeni utasaidia kuinua katikati, na rafu itakaa imenyooka miaka mingi.

Sasa mkono wenyewe. Kata kipande cha wima cha inchi 12, cha kulala cha inchi 8, na cha mshazari cha inchi 9. Cha wima na cha kulala viunge kwenye pembe kwa kukatia nusu kwa nusu, kila kimoja kipunguzwe nusu ya unene wake hapo vinapokutana, halafu gundi na skrubu. Cha mshazari kikate ncha zake kwa mlalo ili kikae sawasawa, kianzie karibu na ncha ya mkono na kishukie kwenye ule wima. Kabla ya kukaza, hakikisha pembe ni mraba. Kama huna guni, pima sentimita 15 upande mmja wa pembe, 20 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama ziwe 25 kamili.

Usiupunguze ule wima kwa kuokoa kipande cha mbao. Nitakueleza. Mzigo ukiwa juu ya rafu haukandamizi chini tu, unataka pia kuung'oa mkono ukutani kwa juu. Tuseme rafu ina kilo 20, na uzito huo uko inchi 4 kutoka ukutani. Kama skrubu ya juu iko inchi 10 juu ya mwisho wa wima, skrubu za juu zinavutwa kwa nguvu ya kilo 8. Kama iko inchi 4 tu, zinavutwa kwa kilo 20. Mzigo ni ule ule, ukuta ni ule ule, lakini rafu moja inabaki na nyingine inaanguka usiku na makopo yake.

Kwenye ukuta ndipo penye kazi. Nyumba ya mbao ni rahisi: tafuta nguzo, gonga ukisikiliza, panapotoa sauti nzito ndipo penye mti, na hapo ndipo pa kufungia, si kwenye ubao mwembamba wa ukuta. Nyumba ya fito na udongo ni vivyo hivyo. Udongo haushiki skrubu hata kidogo. Kama nguzo hazikuja mahali unapotaka, pitisha ubao wa kulala kutoka nguzo hadi nguzo, kisha mikono uifunge kwenye ubao huo. Kwa ukuta wa tofali au bloku, toboa kwenye tofali lenyewe, usitoboe kwenye kiungo, upite lipu uingie ndani inchi 2 nzuri. Gongea kigingi cha mti mkavu kinachobana, ndipo skrubu iingie katika kigingi. Skrubu iwe ndefu ya kutosha kupita mti wa mkono na lipu na bado iingie kwenye kigingi.

Kabla ya kuingiza skrubu popote, toboa kwanza tundu jembamba, maana paini hupasuka. Anayetumia misumari aigonge ncha kidogo iwe butu. Msumari butu husaga njia yake, msumari mkali hupasua.

Mikono yote miwili iwe usawa mmoja. Asiye na pima maji achukue mpira mwembamba unaoonyesha, aujaze maji, na maji ya ncha mbili yatasimama sawa hata kama sakafu imeinama.

Urefu kutoka chini uwe kama futi 5, kiasi kwamba mtu mzima anasoma lebo bila kuinua chombo juu ya uso wake. Usiweke kiti wala debe chini yake, mtoto hupanda. Pigilia ukingo wa mbele ili kopo lisiteleze, upake rangi ya mafuta, kwa sababu mti mtupu hunywa dawa iliyomwagika na hautakasiki tena. Ukiweka rafu mbili, dawa za maji ziwe chini na za unga juu, zikivuja zisiharibu nyingine.

Lakini rafu si kufuli. Kama huna stoo ya kufungwa, tengeneza sanduku la mbao lenye mlango na kufuli, ulifunge kwa skrubu juu ya rafu hiyo, na lisiwe katika chumba cha kulala. Dawa iliyoisha muda usiimwage mtaroni. Uliza afisa ugani, au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na kuchukua kazi za TPRI pale Ngaramtoni.

Na kama mtoto amekwisha kunywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue lile kopo lenye lebo, kwani daktari atataka kujua ni dawa gani.