Zile si nyasi: Siri ya mmea unaokatwa vichwa kila wiki na haufi

UMEWAHI kupanda matatu ya Kisumu, ukapitiwa na usingizi baada ya Nakuru, kisha ukafungua macho Kericho ukaona kijani kitupu? Vilima vyote vimefunikwa zulia lililonyooka kana kwamba limepigwa pasi. Jirani yako kwenye kiti anakugusa: “Cheki hizo nyasi!”

Mwambie polepole: zile si nyasi. Ni miti.

Mchai ukiachwa bila kuguswa hurefuka kupita mita 10. Unachoona Kericho na Bomet ni miti iliyozuiwa kuwa mirefu. Mashamba makubwa ya huko yalianza miaka ya 1920, na mchai ukitunzwa vizuri huchumwa kwa miongo mingi.

Sasa jiulize: mmea unawezaje kukatwa vichwa kila wiki moja au mbili, mwaka baada ya mwaka, na usife? Jibu lake ndilo linalolipa karo ya watoto wengi kule. Tena linagusa ule ugomvi wa mashine ambao pengine umeusikia kwenye habari.

Bosi hukaa juu

Anza na ncha ya tawi. Pale juu kabisa kuna kichipukizi kidogo kilichojikunja. Usikidharau, ndicho bosi. Hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka kwenye tawi na kuyaambia macho ya pembeni: “Tulieni, mimi bado niko.” Kila jani lina jicho kwenye kwapa lake, lakini bosi akiwepo, mengi ya macho hayo hulala tu.

Mchumaji akivunja ile ncha, amri inakatika. Macho yaliyolala yanaamka, na pale palipokuwa na tawi moja panatokea mawili au matatu. Rudia hivyo kwa miaka na utapata lile zulia, ambalo wakulima huliita meza. Kwa maneno mengine, kuchuma ndiko kunakozalisha machipukizi mengi ya kuchumwa kesho.

Kwa nini majani mawili tu?

Kanuni ambayo kila mtoto wa Bomet anaijua ni majani mawili na kichipukizi. Sehemu hiyo changa ni laini na imejaa kafeini pamoja na kemikali ziitwazo katekini. Mmea haukutengeneza kafeini ili wewe ukeshe ukisoma mtihani. Ni silaha yake dhidi ya wadudu, na huiweka zaidi kwa watoto wake, yaani majani machanga ambayo kila mdudu anayatamani.

Kiwandani majani husagwa, chembe zake zikapasuka. Katekini hukutana na kimeng’enya pamoja na hewa, na rangi hugeuka kuwa kahawia, vile ndizi au tufaha hufanya ukilikata na kuliacha mezani. Hapo ndipo chai nyeusi huzaliwa. Jani kuukuu ni gumu na lina katekini kidogo, kwa hivyo chai yake huwa hafifu.

Jikoni ni chini

Lakini majani hayo makuukuu si takataka. Ndiyo jikoni. Yale ya kijani kizito yaliyo chini ya meza hunasa mwanga wa jua kwa klorofili, huvuta hewa ya kaboni kupitia vitundu vidogo vilivyo upande wa chini wa jani, viitwavyo stomata, na mizizi huleta maji. Matokeo ni sukari, na oksijeni hutolewa nje. Hiyo ndiyo usanisinuru uliyoisoma darasani.

Jani changa bado haliwezi kujilisha lenyewe vya kutosha, hulishwa na wakubwa wake. Sukari inayobaki huwekwa kama wanga kwenye mizizi, na hiyo ndiyo akiba ya benki. Kila baada ya miaka mitatu au minne mkulima hupogoa mchai hadi unabaki vijiti vitupu, bila jani la kupika chakula. Siku hizo unaishi kwa akiba pekee. Kama ulichumwa kwa pupa na benki iko tupu, huenda usichipuke tena.

Ndiyo sababu mvua ya mawe, ambayo Kericho inaijua sana, huumiza mfuko. Kwa dakika chache hupasua jikoni zima. Baridi kali ya Januari 2012 nayo iliunguza majani huko, na wakulima wakabaki kusubiri mmea ujijenge upya.

Mashine je?

Mei 2023, vijana walichoma mashine za kuchuma chai Kericho wakilalamika kwamba zimewapokonya kazi. Mmea wenyewe ungesema nini? Auksini haijui nani amekata ncha. Iwe ni vidole au makali, macho yataamka. Japani wamechuma kwa mashine kwa miaka mingi na michai yao ipo.

Tofauti ni kwamba vidole huchagua. Makali hupita sawasawa, yakibeba changa na kuukuu, na mengine yakiyakata katikati. Jani lililokatwa huanza kubadilika rangi hapo hapo shambani, kabla halijafika kiwandani. Mashine ikishushwa sana, inakula hadi jikoni. Lakini mchumaji aliyezoea mkono ataishi vipi kesho? Hilo biolojia haiwezi kulijibu. Ni swali letu sisi watu.

Jaribu mwenyewe

Si lazima uende Bomet kuhakikisha. Panda miche miwili ya managu kwenye mikebe, hapo hapo kwenye baraza la ploti. Ikifika kimo cha kiganja, vunja ncha ya mmoja na mwingine uuache. Mwagilia sawa, uweke juani pamoja, kisha usubiri wiki mbili au tatu. Utaona mmoja ukikimbilia juu na mwingine ukitoa matawi kila upande.

Halafu mama akikumiminia chai jioni, angalia ile rangi kwenye kikombe. Kuna mtu aliyeamka alfajiri kwenye ukungu, akapita majani mengi akiyaacha ili mmea uendelee kupika, na akachagua mawili tu na kichipukizi.