Futi, Ekari na Hekta: Fahamu Ukubwa wa Ploti Kabla ya Kulipa

Mabango ya kuuza ploti huandikwa "50 kwa 100". Hesabu hiyo ni ya futi. Hatimiliki nayo huonyesha ukubwa wa ardhi kwa hekta. Mnunuzi asiyejua kulinganisha vipimo hivi viwili anaweza kulipia ardhi ambayo haimo kwenye hati, na agundue baada ya miaka, wakati jirani anapojenga ukuta. Hesabu yenyewe si ngumu. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Vipimo vya kukumbuka

• Inchi 1 ni sentimita 2.54.
• Futi 1 ni inchi 12, yaani mita 0.3048.
• Yadi 1 ni futi 3, yaani mita 0.9144.
• Ekari 1 ni futi za mraba 43,560, au takriban mita za mraba 4,047.
• Hekta 1 ni mita za mraba 10,000, au takriban ekari 2.47.

Ili kupata mita kutoka kwa futi, zidisha kwa 0.3048. Ili kupata futi kutoka kwa mita, gawanya kwa 0.3048. Kwa hivyo futi 50 ni mita 15.24, na futi 100 ni mita 30.48.

Watu wengi husema kwamba mita moja ni futi tatu. Futi tatu ni yadi, na yadi ni fupi kuliko mita. Anayetumia kanuni hiyo atadhani futi 100 ni zaidi ya mita 33, na hesabu yake itazidi ukweli kwa karibu mita tatu.

Urefu si eneo

Kosa la kawaida ni kuzidisha futi 50 kwa 100, kupata futi za mraba 5,000, kisha kuzidisha jibu hilo kwa 0.3048. Jibu litakuwa 1,524, zaidi ya mara tatu ya ukubwa halisi. Njia sahihi ni kubadilisha kila upande kwanza, ndipo uzidishe:

mita 15.24 × mita 30.48 = takriban mita za mraba 464.5

Gawanya kwa 10,000 upate hekta. Ploti kamili ya 50 kwa 100 ni takriban hekta 0.0465.

Je, 50 kwa 100 ni thumuni ya ekari?

Huitwa hivyo sokoni, lakini haifiki. Sehemu moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445, ilhali ploti ya 50 kwa 100 ina 5,000 pekee. Tofauti hiyo ni zaidi ya mita za mraba 41, nafasi ya kutosha vyumba kadhaa. Vivyo hivyo, ploti ya 100 kwa 100 huitwa robo ekari. Ukubwa wake ni hekta 0.0929, ilhali robo ekari kamili ni hekta 0.1012. Anayelipa bei ya robo ekari ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili anayouziwa.

Kusoma hati

Tazama nukta kwa makini. Hekta 0.45 ni zaidi ya ekari moja, lakini hekta 0.045 ni mita za mraba 450 tu.

Chukua mfano wa mtu aliyeahidiwa 50 kwa 100 ambaye hati yake inasema hekta 0.040. Hiyo ni mita za mraba 400. Ikiwa urefu ni futi 100 kamili, upana wake utakuwa takriban futi 43. Futi saba za upande wa mbele hazipo, na bei haikupunguzwa.

Kupima uwanjani

Kuhesabu hatua hakutoshi, kwa kuwa hatua za watu hazilingani. Tumia utepe mrefu, na hakikisha unasoma upande wa mita. Penye mteremko, utepe ushikiliwe sawasawa bila kufuata ardhi, la sivyo utasoma urefu kuliko ulioko kwenye ramani.

Pima pande zote nne, kisha kona hadi kona. Katika ploti ya 50 kwa 100 yenye kona za mraba, vipimo vyote viwili vya kona hadi kona huwa takriban mita 34.08. Vikitofautiana, kona zimepinda, na huenda eneo ni dogo hata kama pande zina urefu ulioahidiwa.

Kabla ya kulipa

1. Fanya upekuzi wa hati katika afisi ya usajili wa ardhi, na uandike ukubwa kwa hekta.
2. Badilisha vipimo vya muuzaji kuwa mita, kisha ulinganishe.
3. Mwajiri mpimaji ardhi mwenye leseni akuonyeshe alama za mipaka. Utepe wako ni wa kukagua tu. Hauwezi kuchukua nafasi yake.
4. Hakikisha mkataba wa mauzo unataja nambari ya ploti na ukubwa kwa hekta. Maneno "50 kwa 100" peke yake hayatoshi.
5. Ikiwa ploti inakatwa kutoka shamba kubwa, omba kuona idhini ya kaunti ya kugawanya ardhi hiyo.

Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipothibitishwa rasmi. Mzozo wa mpaka hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi, kabla ya mahakama. Kupima mapema ni nafuu kuliko kesi.