Bima ya Dhahabu za Mahari

Dada wengi wanauliza: je, inajuzu kuzikatia bima bangili za mahari? Bima ya kibiashara ya ada maalumu iliharamishwa na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, Jeddah, mwaka 1985, kwa sababu ya gharari: unalipa bila kujua utapata nini, au kama utapata chochote. Baraza hilo hilo likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano, yaani takafuli, ambayo wanachama huchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana. Siku hizi inapatikana Zanzibar na Kenya.

Lakini jina la takafuli pekee halitoshi, usome mkataba. Je, dhahabu inalindwa ikiwa kabatini tu, au hata ukiivaa? (Nasi dhahabu tunaivalia harusini.) Je, kupotea kunahesabika, au wizi tu? Bima ya nyumba mara nyingi huweka kikomo cha fidia kwa vito, basi seti nzito itajwe peke yake. Sonara akupimie gramu na karati na akuandikie thamani. Bei ikipanda, iandikwe upya.

Na mkataba uwe kwa jina la mke. Mahari ni mali yake (An-Nisaa: 4), basi na fidia ni yake, hata kama mume ndiye anayelipa mchango.

Wallahu a'lam.